Mwamba wa pwani mweusi kama umemwagiwa lami, ni mafuta au?

MpembaWales: Wakuu habarini. Jumapili nilikuwa na wanangu pwani huku Pembrokeshire, Wales, sasa juu kidogo ya pale maji ya bamvua yanapofika kuna mkanda mweusi tii umeambaa mwamba mzima, juu yake rangi ya chungwa halafu juu kabisa kijivujivu. Nikakumbuka ile meli Sea Empress ilimwaga mafuta hapa 1996, nikawakataza watoto wasiguse. Mama yao ananicheka, eti mafuta gani ya kukaa miaka yote hiyo. Ni nini hii?

KobeMzee: Shemeji yuko sahihi 😂 hiyo ni likeni, yaani kuvu na mwani wanaishi pamoja mwili mmoja. Jina la kitaalamu Hydropunctaria maura, vitabu vya zamani vinaiita Verrucaria maura. Ulijaribu kuikwaruza?

MpembaWales: Kwa kucha haitoki. Palipokauka imepasuka nyufa ndogondogo kama tope la bwawa kiangazi, palipolowa nusra nivunjike kiuno.

KobeMzee: Ndo yenyewe. Mafuta yangekunata kidoleni na kunuka, tena yangekaa mabakamabaka, siyo mstari unaofuata maji pwani nzima. Chukua lenzi uone vipele vidogo juu yake, ndo inapotolea spora (chembe zake za kuzaliana). Chini yake ukikuta utando laini wa kijani kilichokoza usio na nyufa, hiyo ni nduguye Wahlenbergiella mucosa (zamani Verrucaria mucosa), inapenda kulowa zaidi. Ya chungwa ni jamii ya Caloplaca, ukiidondoshea potasiamu hidroksaidi inageuka zambarau palepale (watoto wakae mbali, inaunguza)

BiChukwani: mbona hata kwetu Unguja mawe ya pwani meusi, ndo hiyohiyo?

KobeMzee: Hapana dada, kwenye mawe ya matumbawe ya nchi za joto weusi ule kwa sehemu kubwa ni sainobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Ila likeni Zanzibar mnazo, yale marere waliyokuwa wakiuza nje karne ya 19 ya kutengenezea rangi ya nguo yalikuwa likeni, sema hayo yananing'inia mitini hayagandi jiweni.

BiChukwani: Kumbe! marere nilimsikia bibi akiyataja nikadhani mboga

MpembaWales: Asanteni. Nimemuonyesha wife, sasa anataka turudi tukaitafute hiyo ya kijani, na mimi ndo wa kubeba lenzi.