Mrejesho: Kipimo cha moyo na kukatika kwa pumzi usingizini

Ndugu zangu, niliuliza iwapo kipimo cha umeme wa moyo cha saa 24, ambacho baba yangu aliandikiwa kwa sababu ya mapigo kwenda mbio, kingeweza pia kuonyesha kama pumzi yake hukatika usingizini, kwa kuwa hukoroma sana na mchana husinzia hata akiwa mezani. Kinaweza kuzua shaka ya msingi, lakini hakithibitishi.

Daktari alitufungulia rekodi ya usiku kwenye kompyuta: mapigo yalishuka taratibu hadi 50 hivi, yakaruka ghafla kupita 80, yakashuka tena, mfululizo. Alieleza kuwa pumzi inapoziba moyo hupunguza kasi, na mtu anapozinduka kidogo ili avute hewa, moyo hukimbia. Mtafiti Guilleminault na wenzake waliueleza mtindo huo mwaka 1984. Hata hivyo, kwa mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, anayetumia dawa za kupunguza kasi ya moyo za jamii ya atenolol, au ambaye kisukari kimemwathiri neva, alama hiyo hufifia, hivyo rekodi iliyotulia haimwondolei mtu shaka.

Baba alifanyiwa kipimo kamili cha usingizi, kwa mrija wa puani, mikanda ya kifuani na kipima oksijeni kidoleni, na ikaonekana pumzi hukatika au kupungua zaidi ya mara 30 kwa saa, kiwango kinachohesabiwa kuwa kikali. Sasa hulala na barakoa ya mashine ya kusukuma hewa, ingawa analalamika kwamba inamkausha koo, na dawa za presha anaendelea nazo.