Mkurugenzi wa ugavi anataka kuhamia kufundisha chuo, bila PhD inawezekana?

Mnyororo: Wakuu habari zenu. Nimekaa kwenye manunuzi na ugavi miaka mingi, sasa hivi ni mkurugenzi, elimu yangu ni masta. Chuo kimoja kinanitaka nikafundishe moja kwa moja na moyo umeshaenda huko kabisa. Je bila PhD wananipokea kweli au nitakuwa wa kujaziajazia vipindi? Na darasani naanzia wapi, maana kufundisha sijawahi.

Bandarini: Mkuu inawezekana. Vyuo vingi vya biashara vina nafasi za watu waliotoka kazini, hata AACSB wanaotoa ithibati kwa shule za biashara wanawatambua walimu wa aina hiyo, ila wanataka uendelee kuwa karibu na fani, sio unakaa unasimulia mambo ya zamani tu. Mara nyingi ni mkataba, sio ajira ya kudumu, na mshahara utashuka, hilo kaa na familia mlizungumze kabla hujaaga kazini.

Mwl_Stoo: Mimi nilipita njia hiyohiyo ndugu yangu. Stori za kazini wanafunzi wanazipenda sana ila stori ni kisa kimoja, wao wanahitaji kujua kwa nini kitu kinatokea. Waanzishie ule mchezo wa usambazaji wa bia uliobuniwa MIT, kuna duka, muuzaji wa jumla, msambazaji na kiwanda, kila mmoja anaona oda ya yule anayenunua kwake tu. Mahitaji ya wateja yanapanda mara moja, kutoka kreti 4 hadi 8 kwa wiki, halafu yanabaki hapohapo, lakini utaona kiwanda kinavyozidiwa na oda kisha kinabaki na mzigo wa kumwaga. Procter & Gamble waliliona hilo kwenye Pampers, watoto wanatumia nepi kwa kiwango kilekile ila oda zinayumba vibaya kadiri unavyorudi nyuma kwenye mnyororo. Wakishaumia hivyo wenyewe ndipo uwape kisa chako, hapo watakuelewa na maswali yatakuwa makali kwelikweli.

Mnyororo: Asante sana mwalimu, hii nimeipokea. Je kuacha kazi kabisa au nianze na kozi moja?

Mwl_Stoo: Moja, tena jioni. Omba na silabasi ya muhula uliopita, na uulize mitihani anasahihisha nani.