Kutuma vitambaa vya kudarizi bila makunyanzi

Uzi_Mwembamba
Habari zenu. Naomba ushauri wa ufungaji. Ni vitambaa vya kupambia meza, kitani tupu, sm 40 kwa 140, vimedariziwa maua ncha zote mbili. Vikishapigwa pasi hukunjwa mara tatu, hutiwa kwenye mfuko wa nailoni, halafu bahasha yenye viputo. Vinafika na mistari mikali ambayo hata pasi ya moto huitoa kwa shida, na maua yamelala bapa. Ni zawadi, mtu anataka kufungua na kutandika papo hapo. Nakosea wapi?

Fundi Kitani
Unakosea kabla hujakunja. Kitani na pamba hunywa unyevu, na nyuzi zikiwa na joto na unyevu hulegea na kufuata umbo lolote utakalozipa. Zikikauka, zinabaki hivyo. Pasi inanyosha kwa njia hiyohiyo, na mkunjo unaingia kwa njia hiyohiyo. Kitambaa kikitoka kwenye pasi, kining'inize usiku kucha. Kabla ya kufunga kiweke shavuni: ukihisi ubaridi, bado kina maji. Ukikitia hivyo kwenye nailoni iliyozibwa, umefungia unyevu pamoja na mkunjo, na uzito wa vifurushi vingine unamalizia kazi.

Kwa ukubwa huo usikunje kabisa, viringisha. Tafuta bomba la kadibodi la kipenyo cha sm 7 au 8, urefu sm 46, ili lizidi upana wa kitambaa sm 3 kila upande. Lifunike kwanza kwa karatasi ya shashi (ile nyembamba laini ya kufungashia) isiyo na asidi, maana kadibodi ya kawaida huacha unjano kikikaa muda mrefu. Tandaza shashi nyingine mezani, laza kitambaa juu yake maua yakitazama chini, weka bomba ukingoni, viringisha bila kuvuta. Maua yanabaki upande wa nje. Yakiwa ndani, uzi wa darizi hubanana na kitambaa hujikunyata kuzunguka kila ua. Funga kwa utepe mpana, sm 3 hivi, usiobana. Mpira au uzi mwembamba utaacha alama, na selotepu isiguse kitambaa hata kidogo.

Mshona Mfarishi
Naunga mkono, ila bomba lisisafiri peke yake. Baadhi ya posta hutoza zaidi kifurushi cha mviringo, na linabonyea kirahisi. Liweke ndani ya boksi la pembe nne, ujaze nafasi zote kwa karatasi iliyofinyangwa. Gazeti hapana, wino wake huhamia kwenye kitambaa. Tikisa boksi: ukisikia kitu kinacheza, ongeza.

Mfarishi, yaani shuka nene iliyojazwa pamba, au kitu kingine kinene hakiviringiki, hapo utakunja tu. Usifuate mtande (nyuzi za urefu) wala mshindio (nyuzi za upana), kunja kimshazari. Nyuzi zikikatiza mkunjo kwa upande, kitambaa hunyumbuka na mstari hauwi mkali. Ndani ya kila mkunjo laza shashi iliyosokotwa unene wa vidole viwili, kutoka ukingo hadi ukingo. Ikiishia katikati, pale inapokoma ndipo pataingia mstari. Na msifyonze hewa kwenye mfuko ili kupunguza ukubwa. Hakuna linaloharibu pamba iliyojazwa kama hilo.

Uzi_Mwembamba
Ahsanteni sana. Na foronya za mahameli zenye vifungo?

Fundi Kitani
Mahameli adui yake ni mgandamizo. Manyoya yakilala yanang'aa kama yamelowa, na ukiweka pasi juu umeyaua. Jaza foronya shashi iliyofinyangwa hadi ipate umbo la mto mwembamba, weka kipande cha shashi chini ya kila kifungo kisichape upande wa pili, kisha ilaze peke yake kwenye boksi lenye nafasi ya sm 2 juu yake, nayo ijazwe shashi kwa wepesi. Usipange mbili juu ya nyingine.

Nailoni iwe ya nje kabisa, kuzunguka shashi, kwa ajili ya mvua tu. Na tia kikaratasi kwa anayepokea: mahameli aining'inize bafuni penye mvuke dakika 15, kisha apitishe brashi laini kufuata uelekeo wa manyoya; kitani akipige pasi kwa nyuma, maua yakiwa yamelala juu ya taulo nene.