Jimu za Kampala: hela ya anayeanza mnaichukua, kumfundisha hamtaki

Wadau, nina hasira na leo nazitoa zote. Jimu za mji huu, hasa hizi za ghorofani zenye taa za buluu na muziki wa kupasua masikio, zinamtaka mtu asiye na mazoezi kwa kitu kimoja tu, ada yake. Akishalipa, hakuna anayejua kama yupo au kafa.

Mimi ni mhasibu wa duka la jumla Kikuubo, kule kwenye maduka ya katikati ya mji. Kazi yangu ni ya kukaa. Asubuhi nimekaa kwenye taksi ndani ya jam, mchana nimekalia kiti, jioni jam tena. Kliniki walinipima presha wakaikuta iko juu, daktari akaniambia nipunguze uzito na nianze mazoezi taratibu. Nikaenda jimu iliyo karibu na nyumbani. Dada wa mapokezi alinichangamkia kweli kweli: "Karibu nnyabo, lipa miezi mitatu upate bei nzuri." Sh 450,000 zikatoka kwenye simu yangu pale pale, na hazirudishwi. Fomu niliyojaza ilikuwa na jina, namba ya simu, jina la ndugu wa karibu, halafu mstari wa kutia saini kwamba nikiumia wao hawahusiki. Basi. Kuhusu afya yangu, hakuna swali hata moja.

Hivi ni kazi gani kubwa kumuuliza mtu: una presha au tatizo la moyo? Kifua kinauma ukijitahidi? Unapata kizunguzungu? Goti au mgongo unakusumbua? Unameza dawa gani? Una mimba? Hayo ni maswali ya dakika tano, na ndiyo ya kwanza kuulizwa popote panapojali watu. Wao wamejali saini yao.

Kocha niliyepewa ni kijana wa kifua kipana, na nadhani kifua hicho ndicho cheti alichoajiriwa nacho. Alinipandisha kwenye mashine ya kukimbilia, akabonyeza kasi, akaenda kupiga soga na mabaunsa wenzake. Aliporudi akanipeleka kwenye vyuma. Sasa sikilizeni vizuri. Kile chuma kirefu cha kubebea mabegani, kikiwa kitupu bila sahani, yaani vile vyuma vya duara vya kuongezea uzito, mara nyingi ni kilo 20. Kilo 20 zenyewe ni mzigo wa kutosha kwa mtu ambaye hajawahi kuchuchumaa na uzito wowote mgongoni. Yeye akaongeza sahani ya kilo 10 kila upande, akanitwisha kilo 40, akapiga kelele, "Bana pumzi, shuka!"

Bana pumzi! Nilikuwa nimeshamwambia nina presha. Ukibana pumzi huku umebeba kitu kizito, presha inaruka juu ghafla. Mtu mwenye presha anafundishwa kupumua, avute hewa akishuka na aitoe akipanda, na aanze na uzito ambao haumlazimishi kukaza hivyo. Kocha wangu alijibu kwamba presha itashuka nikitoka jasho. Magoti yalipogoma akaniambia mbele ya watu, "Mzee Museveni mwenyewe alipiga pushapu ofisini wakati wa korona, na miaka 75, wewe unashindwa nini?" Kweli ile video ya Aprili 2020 sote tuliiona. Lakini anayemlinganisha mgeni wa siku ya kwanza na mtu yeyote yule hajui kazi yake. Na pembeni kulikuwa na kijana ameshika simu ananirekodi, anacheka. Hakuna mfanyakazi aliyemwambia ashushe ile simu. Hapo ndipo nilipochukia kuliko kote.

Siku ya pili yake kushuka ngazi nilikuwa nashika ukuta. Hakuna aliyenieleza kwamba misuli ya anayeanza huuma sana siku ya pili au ya tatu, halafu hupoa yenyewe, na kwamba kutembea kidogo husaidia. Wengi wanaacha hapo hapo, wanafikiri wameharibika. Na hakuna aliyetaja hatari yenyewe: mtu akisukumwa kupita kiasi, misuli ikavimba, mkojo ukatoka mweusi kama soda, hilo si la kuvumilia. Misuli inavunjika na mabaki yake yanaziba figo. Ni hospitali siku hiyo hiyo. Kocha anayeimba kwamba maumivu ndiyo dawa bila kukuambia tofauti ya maumivu haya na yale, huyo ni hatari.

Nimewaza sana kwa nini wanafanya hivi, na jibu naliona kwenye hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Aliyelipa miezi mitatu akaacha wiki ya pili hachakazi mashine, hamalizi maji ya bafuni, hachukui nafasi saa kumi na mbili jioni watu wanapojaa. Hela yake iko pale pale. Kwa mwenye jimu, kuacha kwangu ni faida! Ndiyo maana ukiuliza kwa nini hakuna darasa la wanaoanza, unaambiwa lipia kocha wa peke yako, na hiyo ni bei nyingine juu ya ile uliyokwisha lipa.

Halafu tunaitwa wavivu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa takwimu za dunia nzima, na Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zenye watu wachache kabisa wasiofanya mazoezi ya kutosha, asilimia 5.5 tu. Watu wetu wanalima, wanachota maji, wanatembea. Mama yangu kule Arua bado anashika jembe, na jimu hajawahi kuiona. Tuliokalia viti mjini ndio tunaohitaji kufundishwa, na tunakuja na hela mkononi.

Najua kuna atakayeniandikia, "Nenda kapande mlima Kololo, ni bure." Kutembea natembea, asante. Lakini shirika hilo hilo linashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Hiyo sehemu ya misuli ndiyo niliyoifuata jimu. Na mimi natoka kazini giza limeingia, barabara ninayopita haina njia ya miguu, bodaboda zinakuja upande wowote zinaotaka.

Nilichotaka ni kidogo mno. Nichuchumae kwanza kwenye kiti na kuinuka, pushapu nipigie ukutani, nishike dambeli nyepesi ninazoweza kuinua mara kumi au kumi na mbili bila mgongo kupinda, mtu asimame karibu aniangalie goti linaelekea wapi. Wiki chache hivyo, ndipo tuongeze uzito kidogo kidogo.

Meneja nimemwandikia nataka hela ya miezi iliyobaki, na ile video ifutwe. Amesoma, kimya. Kama kuna aliyewahi kurudishiwa hela na jimu hapa Kampala, aseme alipitia wapi. Na kama mnajua jimu upande wa Ntinda, Kisaasi au Naalya ambako mgeni anaulizwa afya yake kabla hajaguswa na chuma, na kocha anakaa naye, nitajieni. Wanawake wenye presha tuko wengi pale Kikuubo, na tutakuja pamoja.