Spektromita ya shambani: grafu inaruka kwenye 1000, tatizo ni kalibresheni?

shamba_data: Wakuu habari zenu. Napima mahindi huku Morogoro na spektromita ya kubeba mgongoni (mashine inayopima mwanga unaorudishwa na mimea, rangi kwa rangi), ile ya urefu wa mawimbi ya mwanga wa nanomita 350 hadi 2500, nataka kulinganisha na picha za setilaiti ya Sentinel-2. Sasa grafu pale 1000 inaruka ghafla kama ngazi, kwenye 1400 na 1900 ni vurugu tupu, afu nikirudia kupima paneli nyeupe, ile sahani ya kulinganishia, baada ya muda mstari haukai tena kwenye 1 (yaani mwanga wote umerudi), unapanda. Niirudishe kiwandani?

mwanga_mweupe: Usiirudishe kwanza mkuu, hayo ni mambo matatu tofauti. 1400 na 1900 mvuke wa maji angani umeshameza mwanga wa jua, huna cha kupima hapo, kata hizo sehemu endelea na kazi. Ngazi ya 1000 ndo muhimu: ndani mna sensa tatu, ya kwanza inaishia 1000, ya pili 1800, na hiyo ya kwanza karibu na mwisho wake inayumba sana na joto, kwa hiyo ukianza kupima mashine haijapata moto lazima zisikutane. Iwashe mapema, nusu saa ni kidogo, mi naona saa nzima na zaidi ndo inatulia. Na kumbuka kila sensa ina nyuzi zake ndani ya ile faiba, kebo inayopeleka mwanga kwenye mashine, kwa hiyo ukiishusha karibu sana na majani moja inaona jani nyingine inaona udongo. Inua. Kwa pembe ya kuona ya digrii 25 ukiwa mita moja juu unapata duara la kama sentimita 44.

Paneli kupanda ni jua limebadilika tangu uliposoma mara ya mwisho. Rudia paneli kila dakika chache, wingu likipita anza upya kabisa, na fanya kazi saa nne hadi saa nane mchana.

msasa_laini: Naongezea, hiyo paneli nyeupe, ya Spectralon (aina ya plastiki nyeupe sana), ikichafuka hata mashine nzima haikusaidii. Usiiguse na vidole, uchafu ukigoma kutoka isugue na msasa namba 220 hadi 240 chini ya maji yanayotiririka. Halafu hairudishi mwanga wote sawasawa, karibu na 2500 inashuka kidogo, zidisha vipimo vyako na namba za cheti chake cha kiwandani.

shamba_data: Asanteni sana. Na nguo je?

mwanga_mweupe: Vaa nyeusi, lielekee jua kivuli kibaki nyuma yako, na msaidizi wako asogee mbali, shati jeupe linaingia kwenye data kabisa.