Tangazo "limeonyeshwa mara 412,000" lakini simu hazilii. Nani ameliona?

MamaSola_Kampemba

Jambo yenu bandugu. Nauza paneli za sola, betri na inveta hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba. Kwa jinsi SNEL, kampuni yetu ya umeme, inavyokata umeme, wateja wapo, kazi ni kuwafikia kabla hawajaingia kwa jirani. Kuna kijana wa kampuni ya matangazo nilimpa dola 150 atangaze inveta zangu kwenye tovuti na aplikesheni za simu. Mwisho wa mwezi akaniletea karatasi: tangazo limeonyeshwa mara 412,000, limebofywa mara 96.

Kila anayeingia dukani namuuliza ametujulia wapi. Huyu anasema ni jirani yake, yule ameona status ya WhatsApp. Hakuna hata mmoja aliyetaja tangazo. Hata watoto wangu, ambao simu haiwatoki mkononi, hawajaliona. Nimesikia kuna matangazo yanayohesabiwa huku yamefichwa, mtu hawezi kuyaona. Ni kweli? Na mtu kama mimi, asiye fundi wa kompyuta, atajuaje? Dola 150 ni betri nzima, bandugu.

YayaKampeni

Jambo Mama. Ni kweli, na ni wizi. Nasimamia kampeni za maduka hapa mjini na jambo hili linaniuma, kwa sababu pesa inayoliwa ni ya watu wanaouza kwa jasho, siyo ya makampuni makubwa peke yake.

Njia ya kwanza: mwenye tovuti analibana tangazo lako ndani ya kisanduku cha pikseli 1 kwa 1. Kwenye kioo cha simu hiyo ni nukta, jicho haliipati. Lakini tangazo limepakuliwa, kwa hiyo seva, yaani kompyuta inayohesabu matangazo, inaandika "limeonyeshwa" na wewe unadaiwa. Njia ya pili: matangazo mengi yanapangwa mahali pamoja, kama mabango ya kampeni za uchaguzi yaliyobandikwa moja juu ya lingine kwenye ukuta uleule. La juu tu ndilo linasomeka, ila wenye mabango wote wamelipishwa. Mwaka 2023 kampuni ya usalama inayoitwa HUMAN ilieleza mtandao wa wizi ulioitwa Vastflux. Wale walikuwa wanapanga hadi video 25 nyuma ya tangazo moja, na simu zilizotumiwa bila wenyewe kujua zilikaribia milioni 11.

Sasa karatasi yako. Neno "limeonyeshwa" halikuambii kitu. Dai hesabu ya mara ambazo tangazo lilionekana. Huko Marekani lipo baraza la vipimo, Media Rating Council, na kipimo chake ndicho kinachofuatwa: angalau nusu ya pikseli za tangazo ziwe ndani ya kioo kwa sekunde 1 mfululizo, na kwa video sekunde 2. Google Ads, huduma ya matangazo ya Google, inakipima kwa kitu kinachoitwa Active View, na inakuruhusu kulipia yale yaliyoonekana tu. Kama kijana wako alilipia kila kilichopakuliwa, hapo ndipo pesa ilipopita.

Mibofyo 96 kwa 412,000 ni kama 2 katika kila 10,000. Ni kidogo mno, lakini peke yake si ushahidi. Huenda picha ilikuwa mbaya, huenda tangazo lilikwenda kwa watu wasiohitaji inveta. Kabla ya kumwita kijana mwizi, mwombe vitu viwili: orodha ya tovuti na aplikesheni zote ambako tangazo lilipita, na mgawanyo wa saa. Ukikuta saa tisa za usiku, wakati mtaa wote wa Katuba umelala, tangazo "limeonyeshwa" sawasawa na saa moja ya jioni, jua kuna mashine inayofanya kazi peke yake.

FundiSimu

Naongezea, Mama. Natengeneza simu karibu na soko la mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi. Kila mara ananijia mtu analalamika: "Nimenunua mega za intaneti asubuhi, mchana zimekwisha, na simu ilikuwa mfukoni." Wanadhani mtandao unawaibia. Nafungua sehemu ya matumizi ya data, naangalia aplikesheni moja moja. Mara nyingi mlaji ni kitu kidogo: tochi, aplikesheni ya kusafisha simu, mchezo ambao mtoto alipewa kwa bluetooth. Tochi ina kazi gani na mega mia nane? Naitoa, betri inapoa, mega zinakaa. Mimi nilikuwa natibu ugonjwa tu. Kumbe huenda tangazo la Mama ndilo lilikuwa linachezwa mle ndani.

YayaKampeni

@FundiSimu ndiyo kabisa, na hapo wanaibiwa watu wawili kwa mpigo: anayelipia tangazo na anayelipia mega. Mwaka 2019 Oracle ilifichua kitu kilichoitwa DrainerBot. Kilikuwa kipande cha programu ndani ya aplikesheni za kawaida za Android, kinapakua video za matangazo ambazo mwenye simu hazioni, na kiliweza kula zaidi ya GB 10 kwa mwezi. Kwa bei ya mega hapa kwetu, hesabu mwenyewe mzigo alioubeba yule mteja wako.

Ndiyo maana kwa duka la Lubumbashi mimi huzuia tangazo lisiende kwenye aplikesheni zote za michezo na tochi tangu siku ya kwanza. Hata pasipo na wizi, ni mtoto anayegusa kioo akitafuta kufunga tangazo.

Mwanafunzi_UNILU

Swali, Yaya. Kwa nini Mama asilipie mibofyo tu? Lililofichwa halibofywi.

YayaKampeni

Linabofywa, mdogo wangu. Programu ileile inayolificha inaweza kubofya pia, na bei ya mbofyo mmoja ni kubwa kuliko ya kuonyesha mara moja. Kulipia mibofyo kunapunguza hasara ya namna moja na kufungua mlango wa nyingine.

Hata kipimo cha "kuonekana" nilichomwambia Mama kina tundu. Vipimo vingi huuliza kisanduku kiko wapi kwenye ukurasa, haviulizi kimefunikwa na nini. Chrome, programu ya Google ya kufungulia tovuti, ilipata uwezo wa kugundua kilichofunikwa mwaka 2019, lakini si kila anayepima anautumia. Kwa hiyo mimi naanzia upande wa pili, kwa mteja. Mama, nunua SIM kadi mpya, namba yake iandikwe kwenye tangazo hilo tu, isitokee popote pengine, hata kwenye mlango wa duka. Simu au ujumbe ukiingia hapo, umetoka kwenye tangazo. Hakuna roboti itakayokupigia kuuliza inveta ya wati 1000 inawasha friji au haiwashi.

MamaSola_Kampemba

Aksanti sana, Yaya, na wewe fundi. Leo nimempigia kijana. Anasema akaunti ni ya kampuni, orodha ya tovuti ni siri yao. Na anataka malipo ya mwezi mwingine mbele.

YayaKampeni

Usimlipe, Mama. Orodha hiyo si siri. Kwenye Google Ads iko wazi kwa mwenye akaunti, ni kuifungua na kuisoma. Fungua akaunti kwa jina lako na barua pepe yako, weka kadi yako mwenyewe ya benki, halafu huyo kijana au mwingine umpe ruhusa ya kuingia kufanya kazi. Siku mkiachana unamfuta, historia inabaki kwako.

Chagua tovuti chache unazojua watu wa hapa wanazisoma, basi. Kwa kila tovuti, andika anwani yake kisha /ads.txt. Ni faili iliyoanzishwa mwaka 2017, mwenye tovuti anaorodhesha humo walioruhusiwa kuuza nafasi zake. Ukiuziwa na asiyemo, kataa.

Na uangalie sehemu ya mahali. Google inaweka yenyewe "walioko au wanaovutiwa na" mji. Badilisha iwe walioko tu, la sivyo Mkongomani wa Brussels anayetafuta habari za Lubumbashi ataonyeshwa inveta yako, na yeye hana shida na SNEL.

FundiSimu

Mama, hiyo SIM mpya ukiiweka kwenye simu ya zamani, pitia kwangu kwanza niitazame ndani.