Hirizi ya moyo ya Hatnefer: ibaki New York au irudi Misri?

Wakuu, kila tukijadili mali za kale za Afrika zilizoko Ulaya na Marekani tunaishia pale pale: zirudishwe zote. Mimi nabishana na hilo "zote", na shahidi wangu ni mbawakawa, yule mdudu mviringisha kinyesi. Wamisri wa kale walimwona akisukuma donge lake, wakaona ndivyo jua linavyosukumwa angani, wakamchonga kwenye mawe kwa maelfu.

Farao Amenhotep wa Tatu alichongesha mbawakawa wakubwa wenye maandishi tumboni. Baadhi ya maandishi hayo yanatangaza kwamba ndani ya miaka kumi ya kwanza ya utawala aliua simba 102 kwa mishale yake mwenyewe. (Hesabu ya mwindaji hiyo, tuiache.) Yalikuwa matangazo ya ikulu, na mengine yamefukuliwa hadi Sudan na Syria. Mwenyewe aliyatawanya, basi nikiyakuta London silalamiki.

Hatnefer ni habari nyingine. Huyu ni mama yake Senenmut, msimamizi wa mali za Hatshepsut, mwanamke aliyetawala Misri kama farao. Kaburi lake lilifukuliwa Luxor msimu wa 1935–1936 na wachimbaji wa makumbusho ya Metropolitan ya New York. Hirizi yake ya moyo ni mbawakawa wa jiwe la serpentini, kavishwa dhahabu, tena ana mkufu wa dhahabu. Tumboni kuna dua: moyo usije ukamgeuka na kutoa ushahidi dhidi yake siku ya mizani, moyo wa marehemu unapopimwa ili ahukumiwe. Hiyo alizikwa nayo. Leo iko New York.

*Jibu:* Mkuu, hapo umeteleza. Walichimba kwa kibali, na enzi hizo Misri iligawana na wachimbaji vilivyopatikana. Sheria iliyofanya mambo ya kale yote kuwa mali ya umma ni ya 1983. Utaitumiaje kwa kitu kilichofukuliwa miaka 47 kabla yake?

Sijasema wizi. Karatasi ziko sawa. Nauliza nani aligawa. Idara ya mambo ya kale Cairo iliongozwa na Wafaransa mpaka 1952. Mmarekani anaomba, Mfaransa anagawa, Mmisri kashika jembe.

*Jibu jingine:* Na ikirudi? Itaingia kabati la kioo vile vile, si kifuani mwa Hatnefer.

Kweli kabisa, hapo umenibana. Ila mtoto wa Luxor atapanda treni kwenda kuiona, hataomba viza.